Nani aliweka mkeka kwenye jezi yetu?

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa na baadhi yenu mmeniuliza kulikoni. Kuna jambo lilinikaa moyoni nikashindwa kuliandika, na hata leo nalianza kwa aibu.

Mdogo wangu yuko chuo, mwaka wa pili. Mama alimtumia pesa ya ada kwa simu, kama wazazi wengi wanavyofanya siku hizi. Pesa ile haikufika chuoni. Iliingia kwenye mkeka wa mechi saba. Sita zikatiki, ya saba ikachana. Nilipompigia kumfokea alinisikiliza mpaka nikamaliza, halafu akaniuliza kwa upole: "Sasa kaka, si wewe uliandika kwamba wale wanashinda?"

Ni kweli, niliandika. Gazeti ninaloliandikia lina ukurasa wa uchambuzi kila Ijumaa. Chini ya uchambuzi kuna tangazo la kubeti, na ndani ya uchambuzi wenyewe mimi huweka odi za kila mechi. Hakuna aliyewahi kunishikia bunduki. Nilikuwa naona odi ni sehemu ya mpira, kama ilivyo kona au penalti.

Hapo ndipo nikaanza kujiuliza: ilikuwaje? Lini hasa kamari ilitoka kwenye vichochoro ikaja kukaa kifuani mwa klabu tunazozipenda? Nikaanza kusoma. Nilichokikuta ni hadithi ndefu kuliko nilivyodhani, na ajabu yake ni kwamba inaanzia mji mmoja kule Uingereza, inazunguka dunia, inapita Nairobi na Dar es Salaam, kisha inarudi mji ule ule. Hebu tuifuate.

Mji wenyewe ni Liverpool, mwaka 1923. Kijana mmoja aitwaye John Moores, mfanyakazi wa kampuni ya simu za maandishi, aliungana na wenzake wawili wakaanzisha mchezo wa kubashiri matokeo ya mpira kwa kuponi. Walikuwa wanaogopa mwajiri wao asijue, kwa hiyo hawakutumia majina yao yanayojulikana. Walitumia jina la ukoo ambalo mmoja wao alizaliwa nalo kabla ya kulelewa na familia nyingine: Littlewood. Biashara ikaitwa Littlewoods.

Mwanzo wake ulikuwa wa kuchekesha. Waliajiri vijana wagawe kuponi 4,000 nje ya uwanja wa Old Trafford. Zilizorudi zikiwa zimejazwa ni 35 tu. Wakajaribu tena kwenye mji wa Hull, safari hii kuponi 10,000. Ikarudi moja. Moja! Wenzake wakakata tamaa, Moores akanunua hisa zao akaendelea peke yake. Miaka michache baadaye alikuwa milionea.

Aliwezaje? Hapa naomba tutulie kidogo, kwa sababu jibu lake tutalikuta tena kwetu miaka tisini baadaye. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1920 ilikataza kubeti mpira kwa pesa taslimu. Lakini kuponi zilikwenda kwa posta. Mtu alijaza leo, akatuma, na dau lake akalilipa wiki inayofuata kwa hawala ya posta. Kisheria hiyo haikuwa pesa taslimu. Yaani kilichoifanya kamari ya mpira iingie kila nyumba ya Mwingereza wa kawaida ni vitu viwili: upenyo kwenye sheria, na njia rahisi ya kutuma pesa kidogo kidogo kutoka mbali. Vishikeni vitu hivyo viwili.

Je, wenye mpira walifurahi? Hapana. Mwaka 1936 viongozi wa ligi ya Uingereza waliichukia biashara ile kiasi cha kuamua kuficha ratiba ya mechi, ili wenye kuponi wasijue nani anacheza na nani. Hebu fikiria, shabiki anaamka Jumamosi hajui timu yake inakwenda wapi! Mashabiki wakakasirika, viwanja vikapwaya, na baada ya wiki chache tu viongozi wakasalimu amri. Mwaka 1959 wakaja na mbinu nyingine. Walikwenda mahakamani, wakashinda kesi kwamba ratiba ni mali ya ligi, na kuanzia hapo kampuni za kuponi zikawa zinailipa ligi kwa kuitumia.

Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Mwaka 1936 kamari ilikuwa adui wa mpira. Kufikia 1959 imekuwa chanzo cha mapato. Na mwaka 1960 John Moores yule yule wa kuponi akawa mwenyekiti wa klabu ya Everton, akamwaga pesa, na mwaka 1963 Everton wakawa mabingwa wa Uingereza. Lihifadhi jina hilo la Everton, tutakutana nalo tena.

Jezi wakati huo zilikuwa safi. Klabu ya kwanza Uingereza kucheza na jina la mdhamini kifuani ilikuwa timu ndogo ya Kettering Town, mwaka 1976, na mdhamini alikuwa muuza matairi. Chama cha soka kikawaamuru walifute. Lakini mlango ulikuwa umeshafunguka, na mwaka 1979 Liverpool wakavaa Hitachi. Zikafuata bia, rangi za kupaka nyumba, simu, kompyuta. Kampuni ya kwanza ya kubeti kukaa kifuani kwenye Ligi Kuu ya Uingereza ilikuwa Betfair, kwenye jezi ya Fulham, mwaka 2002.

Kisha ikaja sheria mpya ya kamari ya mwaka 2005, iliyoanza kufanya kazi Septemba 2007. Sheria hiyo iliruhusu kampuni za kubeti zijitangaze kwenye televisheni. Baada ya hapo ni mafuriko. Msimu wa 2019/20, klabu 10 kati ya 20 za Ligi Kuu zilikuwa na jina la kampuni ya kubeti kifuani. Nusu ya ligi nzima!

Na hapa ndipo sisi tunapoingia. Ligi hiyo nani alikuwa anaiangalia? Si Waingereza peke yao. Ni mimi na wewe, tumebanana kwenye kibanda umiza, tumelipa kiingilio, jasho linatutoka, tunaangalia Bolton na Wigan kana kwamba ni timu za mtaani kwetu. Wengi wetu tulizijua kampuni hizo kwa majina kabla ya kujua zinauza nini. Nakumbuka mwenyewe nikiwa shule ya msingi nilidhani jina lililo kifuani ndilo jina la mchezaji.

Kitu cha pili tulichokuwa tunakisubiri, ile njia rahisi ya kutuma pesa kidogo kidogo, kilifika Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008. M-Pesa ilikuja kumwezesha kijana amtumie mama yake shilingi elfu tano kijijini, na jambo hilo imelifanya vizuri, Mungu aibariki. Lakini njia inayopeleka elfu tano kwa mama ndiyo hiyo hiyo inayopeleka mia tano kwenye mkeka saa sita za usiku, bila kutoka kitandani na bila jirani kukuona. Hawala ya posta ya Moores ilikuwa imepata mtoto.

Kamari yenyewe haikuwa ngeni kwetu, tusidanganyane. Kenya ilikuwa na sheria ya kamari na bahati nasibu tangu 1966. Tanzania, katikati ya Ujamaa, serikali yenyewe ilianzisha Bahati Nasibu ya Taifa kwa sheria ya mwaka 1974. Baadaye ikaja sheria ya mwaka 2003 iliyoleta Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Lakini bahati nasibu ya zamani ilikuwa tiketi, unanunua, unasubiri droo. Haikuwa imeshonwa kwenye jezi ya Simba wala ya Yanga.

SportPesa ilianza Kenya mwaka 2014. Ndani ya muda mfupi ilikuwa inadhamini Gor Mahia, AFC Leopards na ligi kuu yenyewe. Mwaka 2017 mtu mmoja alishinda zaidi ya shilingi milioni 220 za Kenya, na picha yake ikazunguka Afrika Mashariki yote. Picha za walioshindwa siku hiyo hakuna aliyezipiga. Mwaka huo huo utafiti wa GeoPoll uliofanywa kwa simu katika nchi kadhaa za Afrika ulikuta kwamba vijana 76 kati ya kila 100 waliohojiwa Kenya walikuwa wamewahi kubeti. Kenya iliongoza.

Mwaka 2017 ndio mwaka wetu pia. Mwezi Mei SportPesa iliingia Tanzania na ndani ya wiki moja ikasaini na Simba na Yanga, miaka mitano mitano, kila mmoja karibu shilingi bilioni 5. Watani wa jadi wasiokubaliana hata rangi ya bendera, wakakubaliana kifuani. Miaka michache kabla yake vifua hivyo vilikuwa vimebeba bia ya Kilimanjaro.

Na mwezi huo huo wa Mei, huko Liverpool, klabu moja iliyokuwa imevaa bia ya Chang tangu 2004 ilitangaza mkataba mkubwa kuliko wote katika historia yake hadi wakati huo. Mdhamini: SportPesa. Klabu: Everton.

Umeona duara lilivyofunga? Mtu wa Liverpool aliyejenga utajiri kwa kamari ya mpira aliitajirisha Everton. Miaka 94 baada ya zile kuponi za Old Trafford, jina lililozaliwa Nairobi, na dau za vijana wa Nairobi, Kisumu na Nakuru, likakaa kifuani mwa Everton hiyo hiyo. Na kama hiyo haitoshi, klabu nyingine ya Uingereza iliyokuwa imeshavaa SportPesa, tangu 2016, ni Hull City, klabu ya ule mji uliorudisha kuponi moja kati ya 10,000!

Tarehe 13 Julai 2017 Everton walikuja Dar es Salaam kucheza na Gor Mahia, mabingwa wa kombe la SportPesa lililofanyika hapa hapa. Nilikuwepo Uwanja wa Taifa, mwanafunzi mwenye nauli ya kwenda tu. Wayne Rooney alikuwa amerudi Everton siku chache kabla, na alipiga shuti kutoka mbali sana likaingia. Tuyisenge akasawazisha, Dowell akafunga la pili, Everton wakashinda 2-1. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Nawaambia ukweli, ilikuwa moja ya siku nzuri za ujana wangu, na sitajifanya leo kwamba sikufurahi. Ndiyo maana jambo hili ni gumu. Kamari haikuja kwetu na pembe na mkia, ilikuja na Rooney.

Sasa tuangalie ilivyokuwa baadaye, kwa sababu Kenya walitutangulia na waliyoyapata yanatuhusu.

Serikali ya Kenya iliongeza kodi ya kubeti hadi asilimia 35 kuanzia Januari 2018. Mara moja kampuni ikatangaza kujitoa kwenye udhamini wa michezo nyumbani. Everton waliendelea kuvaa jina lile kama kawaida. Gor na Leopards baadaye walirudishiwa udhamini, lakini mwaka 2019 ukaja mgogoro mkubwa zaidi wa kodi. Mwezi Julai serikali ilikataa kuhuisha leseni za kampuni 27 na njia za kulipia kwa simu zikafungwa. Agosti udhamini ukakatwa, Septemba SportPesa ikasimamisha shughuli zake Kenya, mamia ya wafanyakazi wakapoteza kazi. Klabu kubwa kabisa za nchi zikabaki zinahangaika na mishahara na nauli. Na nani alikuja kuiokoa ligi mwaka 2020? BetKing, kampuni nyingine ya kubeti, kwa mkataba wa miaka mitano. Mkataba huo ulivunjika mwaka uliofuata.

Everton nao waliachana na SportPesa mwaka 2020, huku viongozi wao wakisema wangependa mdhamini wa aina nyingine. Mwaka 2022 wakasaini na Stake.com. Kamari tena.

Na sisi? Mwaka 2022 mikataba ya 2017 ilipokwisha, Yanga walibaki na SportPesa kwa miaka mitatu na shilingi bilioni 12.3. Simba wakaenda M-Bet, miaka mitano, bilioni 26.1. Piga hesabu mwenyewe: mwaka 2017 Simba ilikuwa na wastani wa karibu bilioni 1 kwa mwaka, mwaka 2022 ukafika zaidi ya bilioni 5. Msomaji, pesa hiyo inatoka wapi? Kampuni ya kubeti haina shamba wala kiwanda. Inachovuna ni tofauti kati ya dau tunazoweka na ushindi inaotulipa. Udhamini unaoisifia klabu yako umetoka mfukoni mwa shabiki wa klabu yako.

Msimu wa 2022/23 kulitokea kituko kimoja ambacho watu hawakukitafakari vya kutosha. Yanga walipokuwa wanakwenda fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, kifuani hawakuvaa SportPesa, walivaa Haier. Simba nao kimataifa walivaa Visit Tanzania. Wengine tulidhani labda CAF wanawalinda vijana dhidi ya kamari. Wapi! CAF ilikuwa na mdhamini wake wa kubeti, 1xBet, na klabu hazikuruhusiwa kumvaa mshindani wake. Kamari ilikuwa inazuiwa na kamari.

Najua wapo watakaoniambia: "Wewe kijana, bila pesa hizo klabu zingeishi vipi?" Ni swali la haki na sitalikwepa. Mimi si mtoto wa jana, nakumbuka habari za wachezaji waliodai mishahara miezi mitatu, na za timu zilizosafiri kwa kuchangishana. Msimu wa 2018/19 Ligi Kuu yetu ilichezwa bila mdhamini mkuu, na timu nyingi ziliteseka. Mashabiki wanaofurahia usajili wa leo hawana makosa. Lakini ukweli mwingine ni huu: mkataba mkubwa kuliko wote katika soka letu, ule wa televisheni wa mwaka 2021, miaka kumi, shilingi bilioni 225.6, ulitoka Azam Media, na jina la ligi likachukuliwa na benki, NBC. Kumbe mpira unaweza kuuzwa kama mpira. Na Kenya walituonyesha kwamba nyumba iliyojengwa juu ya leseni moja ya kubeti inaweza kuanguka kwa barua moja ya serikali.

Wenye ligi tunazoziiga nao wameanza kushtuka. Italia ilipiga marufuku matangazo ya kamari kwa sheria ya mwaka 2018. Hispania ikaondoa kamari kwenye jezi kuanzia msimu wa 2021/22. Klabu za Ligi Kuu ya Uingereza zilikubaliana Aprili 2023 kwamba ukiisha msimu wa 2025/26 hakuna kampuni ya kubeti kifuani, ingawa mikono ya jezi na mabango ya pembeni mwa uwanja hayakuguswa. Mwezi uliofuata mshambuliaji Ivan Toney alifungiwa miezi minane kwa makosa 232 ya kubeti. Klabu yake ya Brentford ilikuwa imevaa kifuani kampuni ya kubeti kutoka Afrika Kusini. Kenya nayo Aprili 2025 ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30.

Narudi kwa mdogo wangu. Baada ya kusoma yote haya nilikaa naye, nikachukua karatasi. Nikamwambia, tufanye kila mechi kwenye mkeka wako ina nafasi 7 kati ya 10 ya kuingia, yaani umechagua vizuri sana. Mechi moja, 70 kati ya 100. Mbili, 49. Tatu, 34. Zikifika saba, 8. Nane tu kati ya 100, na huo ni mkeka mzuri. Akaiangalia ile karatasi kwa muda mrefu. Akasema, "Kaka, hii mbona hujawahi kuiandika gazetini?"

Sikuwa na jibu. Jumatatu yake nilimwomba mhariri niondoe odi kwenye uchambuzi wangu. Alicheka, akaniuliza kama najua ukurasa wa matangazo unalipa mishahara ya nani. Najua. Wa kwangu pia umo. Tulikubaliana niziondoe kwa mwezi mmoja tuone. Tangazo limebaki pale chini, na mimi bado ninakula kupitia tangazo hilo, kwa hiyo msinione mtakatifu. Ada ya mdogo wangu tumeanza kuilipa kwa awamu. Mama tulimwambia ukweli, na hilo lilikuwa gumu kuliko pesa.

John Moores alihitaji kugawa kuponi nje ya uwanja, na kati ya watu 10,000 wa Hull alimpata mmoja. Siku hizi hakuna haja ya kumgawia mtu kuponi. Ananunua jezi mwenyewe, analitangaza jina bure mtaani, na anampeleka mwanawe wa miaka sita dukani akamnunulie ndogo yake. Hiyo jezi ndogo ndiyo inayonisumbua usingizi. Mimi na wewe ni watu wazima, tutajibu wenyewe kwa tunachokifanya na simu zetu. Mtoto wa miaka sita alikubali lini?

Mnaonaje, ndugu zangu? Tuiachie klabu ichague mdhamini inayemtaka, au walau jezi za watoto ziachwe safi? Mimi nimeshasema yangu. Alamsiki.